Kuuza bezi iliyotumika ukiwa Malindi: mwenzako, mtandao, duka au kanisa?

Mpiga bezi (gitaa la sauti nzito) wa Malindi anayetaka kuuza chombo chake ana milango minne. Anaweza kumuuzia mwanamuziki mwenzake, kutangaza mtandaoni, kukipeleka dukani Mombasa au Nairobi, ama kuuzia taasisi: kanisa, shule au hoteli. Kila mlango una watu wanaouapia na wengine wasiotaka hata kuusikia, na mara nyingi wote wana haki, kwa sababu hawakuuza kitu kimoja wala hawakuwa na shida moja.

Nina msimamo mmoja tu katika makala haya. Bei unayotajiwa si bei unayopata. Cha kutazama ni kile kinachobaki mkononi baada ya nauli, cha juu cha dalali na siku ulizokaa bila chombo cha kazi. Na kwa sisi ambao muuzaji na mnunuzi watakutana tena jukwaani Jumamosi, kuna pia maneno yatakayofuata.

Vigezo

Njia zote nne nimezipima kwa mambo matano.

Bei ya mkononi ni kiasi unachobaki nacho ukishatoa gharama zote. Muda ni kuanzia siku unayoamua kuuza hadi siku pesa inaingia yote, si nusu. Hatari ni kutapeliwa, kukopwa bila kulipwa, au kurudishiwa chombo wiki mbili baadaye kwa madai kwamba kina kasoro. Usumbufu ni kubeba, kufunga, kusafirisha na kujibu simu za watu wasionunua. La tano ni jina: mauzo haya yataacha nini kati yako na watu unaofanya nao kazi?

Hilo la mwisho halimhusu sana mtu anayepiga gitaa sebuleni kwake kujifurahisha. Kwetu ndilo zito kuliko yote. Malindi si kubwa. Anayenunua bezi yako leo huenda ndiye atakayetafuta mtu wa kumshikia shoo ya Watamu mwezi ujao, na kama vifungo vya sauti vilianza kukwaruza siku ya tatu, atamtafuta mwingine.

Kabla ya kuchagua mlango

Kuna mambo yatakayokufuata mlango wowote utakaopitia, na ni bora kuyamaliza nyumbani.

Kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari haina huruma na chuma: nyuzi, skrubu za daraja (pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini), vifunguo vya kukazia nyuzi, tundu la waya. Kutu kidogo kwenye skrubu haibadilishi sauti, lakini hubadilisha bei, kwa sababu mnunuzi wa Nairobi akiiona pichani hudhani chombo kizima kimeoza. Badilisha skrubu, zinauzwa bei rahisi. Vifungo vya sauti vinavyokwaruza ukivizungusha kwa kawaida vinahitaji tu dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme, na fundi wa redio atakufanyia kazi hiyo haraka. Kama bezi yako ina betri ya volti 9 ndani, ifungue uitazame. Betri iliyovuja humla mtu bei bila yeye kujua, na hata nzuri huisha ukiacha waya umechomekwa usiku kucha. Tia mpya kabla mnunuzi hajaja.

Pili ni shingo ya gitaa, na hapa wengi huumia. Nyuzi nne za bezi zilizokazwa huvuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na kinachopingana nazo ni mti wenyewe na fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Mti hunywa unyevu. Gitaa lililozoea Malindi, pwani kabisa, likipelekwa Nairobi iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na yenye hewa kavu zaidi, mti hunywea kidogo, shingo husogea, na wakati mwingine ncha za freti, vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, hujitokeza pembeni hadi zikakwaruza kiganja. Huo si ubovu. Fundi huizungusha ile fimbo robo mzunguko, akapiga msasa ncha za freti, yakaisha. Lakini kama hukumwambia mnunuzi mapema, atakupigia simu akisema umemuuzia gitaa lililopinda, na utamshawishi vipi vinginevyo?

Tatu, kwa wanaouza amplifaya: tazama nyuma imeandikwa volti ngapi. Umeme wetu ni volti 240. Vyombo vilivyoletwa na Wataliano, na Malindi havikosekani, vinakwenda sawa hapa kwa kubadilisha plagi tu. Amplifaya ndogo nyepesi ya Markbass, ambayo ni kampuni ya huko huko Italia, haitakupa tabu. Iliyotoka Marekani ikiwa ni ya volti 120, bila swichi ya kubadilishia, itaungua siku ya kwanza pasipo transfoma. Liseme hilo kabla hujaulizwa.

Nne, chombo ni cha nani? Swali hili linaonekana la kijinga mpaka bendi ivunjike. Pwani yetu hii bendi nyingi zina mwenye vyombo, na mpiga bezi anaweza kukaa na gitaa miaka mpaka likaitwa lake. Kama kiongozi alilinunua, au lilinunuliwa kwa pesa za shoo kabla ya kugawana, kaeni mlimalize kwanza. Kwa upande wa mnunuzi jambo ni zito zaidi: Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inampa mtu anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi kifungo cha hadi miaka 14. Ndiyo maana mnunuzi makini hatachukia ukimwandikia hati ya mauziano, atafurahi. Karatasi moja yatosha: majina na nambari za vitambulisho, aina ya chombo, nambari iliyopigwa kwenye mwili au nyuma ya kichwa cha gitaa, bei, tarehe, shahidi, sahihi. Na maneno "kimeuzwa kilivyo, baada ya kujaribiwa".

Mwisho ni kalenda. Kuanzia kaskazi iingie mpaka Machi wageni wapo, hoteli za Casuarina na Watamu zinalia muziki, na bendi zinataka watu. Aprili hadi Juni mvua na kusi, hoteli kadhaa hufunga milango, na wapiga muziki wengi huuza vyombo kwa pamoja kwa sababu njaa imeingia kwa pamoja. Hapo bei huporomoka. Anayeweza kusubiri hadi Oktoba au Novemba, bendi zinapojipanga kwa Disemba, atauza kwa bei ya heshima. Kwa wanaopiga harusi za Waislamu tazama na kalenda ya mwezi: Ramadhani harusi husimama, Mfunguo Mosi zinafumuka. Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, msimu huo hauko mahali pamoja.

Mlango wa kwanza: mwanamuziki mwenzako

Huyu ni mpiga bezi wa bendi nyingine, kijana anayejifunza, au mpiga kinanda wa bango, ule muziki wa harusi za pwani, anayetaka chombo cha akiba cha bendi. Anaijua bezi yako. Pengine amewahi kuiazima.

Bei ya mkononi huwa ya kati. Hawezi kulipa kama mgeni asiyejua bei, na wewe utaona haya kumkaza. Lakini hakuna nauli, hakuna kufunga, hakuna wa kukata asilimia.

Muda ni wa namna mbili. Makubaliano ni ya jioni moja. Pesa ni hadithi nyingine. Wenzetu hulipa mdogo mdogo, na hilo si kosa lao, kwani kazi yetu yenyewe inalipwa mdogo mdogo. Tatizo ni kwamba deni la mwenzako halina tarehe mpaka uliwekee. Njia niliyoona ikifanya kazi vizuri ni kumshirikisha kiongozi wa bendi yake: kila baada ya shoo, kabla ya kugawana, anakata kiasi mlichokubaliana na kukutumia moja kwa moja. Mnunuzi haoni uchungu wa kutoa pesa iliyokwisha kuingia mfukoni, na wewe humfuati mtu nyumbani kwake. Mkishindwa hilo, chombo kibaki kwako mpaka nusu ilipwe, na siku za shoo umwazime. Anayekataa masharti hayo amekuonyesha mapema malipo yatakavyokuwa.

Hatari ya utapeli ni ndogo, ya deni ni kubwa. Hatari ya lawama iko katikati, maana atakuwa karibu kukulaumu.

Usumbufu, karibu hakuna. Unavuka barabara na begi mgongoni.

Jina ndipo mlango huu unapong'aa au kuungua. Ukimuuzia kijana chombo kizima kwa bei ya haki, ukamwonyesha na namna ya kukishusha nyuzi zisigonge freti, atakutaja kwa heshima kila anapokwenda. Ukimficha ufa wa kichwa cha gitaa uliopakwa gundi, mji mzima utajua kufikia Jumatatu.

Unamfaa nani? Mwenye chombo kinachojulikana mjini, asiye na haraka ya pesa yote kwa mkupuo, anayeendelea kufanya kazi hapa hapa.

Mlango wa pili: tangazo mtandaoni

Kuna Jiji, tovuti ya matangazo iliyochukua nafasi ya OLX nchini mwaka 2019. Marketplace ya Facebook. Na makundi ya WhatsApp ya wanamuziki, ambayo kwa maoni yangu yanashinda hizo mbili kwa vyombo vyetu, kwa sababu wanaoyasoma wanajua tofauti ya Precision na Jazz, bezi mbili maarufu za kampuni ya Fender.

Bei ya mkononi hapa inaweza kuwa ya juu kuliko kwingine, kwa sababu tangazo linamfikia mtu wa Nairobi au Eldoret ambaye hana pa kuipata. Inaweza pia kuwa ya chini, ukichoka. Ujumbe wa kwanza utakaopata ni "bei ya mwisho ngapi?" kabla mtu hajauliza hata kama kinalia. Weka bei yenye nafasi ya kushuka kidogo, kisha shikilia.

Muda hautabiriki. Pedali ya kubadilishia sauti kwa mguu au kifaa cha kutuni kinaweza kuondoka siku hiyo hiyo, na bezi ya nyuzi sita ikakaa miezi. Picha ndizo zinazoamua. Piga asubuhi, kivulini, nje ya nyumba: mbele yote, nyuma yote, kichwa pande mbili, freti kwa karibu, daraja, tundu la waya, na kila jeraha. Ongeza video fupi ukipiga bila madoido, uzi mmoja mmoja kutoka freti ya kwanza hadi ya mwisho. Mnunuzi anayejua kazi anatafuta freti iliyokufa, isiyotoa sauti vizuri, mwonyeshe hakuna. Kama ni Squier, andika Squier. Ni jina halali la Fender tangu 1982 na lina wanunuzi wake, lakini ukiliandika Fender tu na mtu akasafiri kuja kuliona, umepoteza mnunuzi na umejitia aibu.

Hatari ndiyo kigezo kinachowatisha watu na njia hii, na wana sababu. Ujumbe wa uongo wa M-Pesa ungalipo. Usiusadiki ujumbe, ingia mwenyewe kwa *334# au kwenye programu, tazama salio, ndipo uachie begi. Ujue pia mtumaji anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kutuma ujumbe ule kwenda 456, kwa hiyo hati ya mauziano iliyotiwa sahihi ndiyo ushahidi wako ukiulizwa. Anayesema "namtuma dereva achukue, pesa inakuja" mwache aende zake. Kutana mchana, mahali penye watu na penye umeme ili chombo kijaribiwe: ukumbi wa kanisa siku ya mazoezi, duka la rafiki, studio. Usimkaribishe mgeni nyumbani kwenye vyombo vyako vingine vyote.

Usumbufu ni mkubwa, hasa mnunuzi akiwa mbali. Ofisi ya vifurushi ya basi itabeba, lakini itabeba kama inavyobeba magunia. Legeza nyuzi kidogo, usizitoe zote. Zungushia sponji kichwani na shingoni, maana kichwa ndicho huvunjika. Jaza mapengo ya begi nguo kuukuu lisicheze ndani. Kasha gumu likiwepo litumie na liingize kwenye bei. Andika thamani ya kitu kwenye risiti ya kifurushi. Ikiwa kinakwenda Lamu, ongeza plastiki nzima juu ya yote, kwa sababu kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, safari iliyobaki ni ya boti na maji ya chumvi hayaulizi.

Jina halitikiswi sana, kwa uzuri na kwa ubaya. Mnunuzi wa mbali hatakusifu Malindi, wala hatakuchafua.

Unamfaa nani? Mwenye gitaa lenye jina, pedali au kifaa kidogo cha thamani. Aliye na simu yenye kamera nzuri na subira ya kujibu maswali ya kipuuzi kwa adabu.

Mlango wa tatu: duka la Mombasa au Nairobi

Mombasa ni kama kilomita 120, matatu ya asubuhi na kurudi jioni. Nairobi ni safari nyingine ya karibu kilomita 480 kutoka hapo. Maduka hufanya mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: kukununulia papo hapo, au kukuwekea chombo rafuni na kukata sehemu yao kikiuzwa.

Bei ya papo hapo ni ya chini kuliko zote, na si wizi. Mwenye duka ana kodi ya pango, atalisafisha gitaa, atalikalia, na anahitaji faida. Kwa kuwekewa rafuni bei ni nzuri zaidi, ila muda unakuwa wa duka, si wako.

Muda wa kununuliwa papo hapo hauna mpinzani. Unaingia na gitaa, unatoka na pesa, nyumbani kabla ya Isha. Kama mtoto amerudishwa shule kwa ada, sifa hiyo yashinda nyingine zote nne na hakuna haja ya kuona haya.

Hatari ya papo hapo ni ndogo. Kwa kuwekewa rafuni uliza mambo matatu na yaandikwe: wanakata asilimia ngapi, kikikaa bila kununuliwa unakichukua lini, na nani anabeba hasara kikianguka au kuibiwa dukani. Duka lisilotaka kuandika hayo, endelea na safari yako.

Usumbufu ni nauli na siku moja, pamoja na kero ya kusimama mbele ya mtu anayekitafutia chombo chako makosa kwa ufundi. Nenda na nyuzi safi na uwe umekifuta vumbi. Piga simu kwanza, tuma picha, uliza kama wanahitaji kitu cha aina hiyo. Safari ya Mombasa na kurudi na bezi ile ile begani ni ndefu kuliko kilomita zake.

Jina haliguswi.

Unamfaa nani? Mwenye haraka, au asiyetaka kabisa kujadiliana na watu anaowajua. Pia anayetaka kubadilisha: duka nyingi hukubali gitaa lako kama sehemu ya bei ya jingine, ukaongeza tofauti. Hapo thamani watakayokupa mara nyingi ni bora kuliko pesa taslimu, na unaondoka na chombo cha kazi mkononi.

Mlango wa nne: kanisa, shule, hoteli

Wengi huusahau mlango huu, nami nauona ndio bora kwa vitu vizito. Spika kubwa ya bezi yenye mashine (spika za ndani) za inchi kumi haisafirishiki kwa faida. Ile kabati ya spika ya kampuni ya Ampeg yenye mashine nane za inchi 10 ina uzito wa mtu mzima. Nani ataipandisha basi la Nairobi? Kanisa la mtaani lina vijana wa kuibeba, lina ukumbi wa kuiweka, na haitahama tena.

Bei ya mkononi ni nzuri kwa amplifaya na spika, ya kawaida kwa magitaa. Kamati hainunui jina la kampuni. Inanunua kitu kinacholia na kisicholeta aibu katikati ya ibada.

Muda ni mrefu. Kamati inakaa, mtunza hazina yuko safarini, kuna harambee kwanza. Hoteli nayo ikikubali mwezi wa Septemba inaweza kukulipa wageni wakishaanza kuingia. "Njoo Jumatatu" ni lugha ya ofisi zote.

Hatari ya kutolipwa kabisa ni ndogo kwa kanisa na shule, kwa kuwa uamuzi umeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kwa hoteli usiache chombo mpaka malipo yathibitike benki. Meneja aliyekubali Machi huenda hayupo Julai.

Usumbufu ni makaratasi. Watataka stakabadhi, pengine na barua ya bei kutoka kwa wauzaji wengine. Tayarisha. Ukitaka kushinda, jitolee kumfundisha kijana wao wa bezi siku chache na kuwawekea sauti sawa ukumbini. Kwako ni jioni mbili tatu, kwao ni sababu ya kukuchagua.

Jina linapanda. Kanisa linaloridhika litakuita kwenye harusi, na wanaohudhuria harusi wana harusi zao.

Unamfaa nani? Mwenye vitu vizito, seti nzima, na uwezo wa kungoja.

Hesabu, kwa mfano tu

Tuchukue bezi ya nyuzi nne, nzima, ya kampuni inayojulikana. Namba hizi ni za kuonyesha njia ya kuhesabu, si bei za soko.

Mwenzako anatoa shilingi 32,000 kwa awamu nne. Mtandaoni umetangaza 42,000, umekubali 37,000, umetumia 2,000 kufunga na kutuma: umebaki na 35,000, pengine baada ya mwezi. Duka linakupa 25,000 sasa hivi. Au linauza 40,000 rafuni, linakata asilimia 15, umebaki na 34,000, toa nauli ya safari mbili, 32,000 na kitu. Kanisa linatoa 33,000 baada ya kikao cha mwezi ujao.

Ukiacha ile 25,000 ya papo hapo, zilizobaki zimekaribiana mno kuliko kelele zinazopigwa juu yake. Kwa hiyo swali halisi si nani analipa zaidi. Ni unahitaji pesa lini, na utapiga nini Ijumaa ikiwa chombo kimeondoka Alhamisi. Shoo mbili ulizozikosa kwa kukosa bezi zinaweza kula tofauti yote.

Dalali sikumpa mlango wake kwa sababu anasimama kwenye yote minne. Ana kazi yake, hasa kwa asiyejua watu. Mwambie bei unayoitaka mkononi, cha juu kiwe chake, na mnunuzi umwone mwenyewe kwa macho kabla ya chombo kutoka.

Kwa hali yako

Pesa inahitajika wiki hii: duka, papo hapo, bila kujilaumu kwa bei. Kama una pedali au vifaa vidogo, viweke kwanza kwenye kundi la WhatsApp jioni ya leo. Huenda vikatosha, na gitaa likabaki.

Unapanda daraja, unatafuta bezi bora: badilisha dukani, au muuzie mwenzako huku mmeandikiana siku ya kukabidhi iwe baada ya chombo kipya kufika. Usiuze cha zamani kwa ahadi ya mtu kwamba kipya kiko njiani.

Unahama mji au unaacha kupiga: muda unao, jina halikubani sana, kwa hiyo tangaza mtandaoni, kitu kimoja kimoja. Seti nzima kwa mtu mmoja mbali huuzwa kwa bei ya hasara; ukivitenganisha, waya na mkanda pia vina wanunuzi.

Una spika nzito tu: anza na kanisa lililo karibu kabisa na ilipo.

Uko Lamu: wanunuzi wa kisiwani ni wachache na kila mzigo una boti ndani yake. Gitaa litangaze na ulilete Malindi au Mombasa safari utakayokuwa nayo kwa mambo mengine. Amplifaya jaribu kwanza hoteli za Shela na vikundi vya taarabu vya hapo hapo, kabla ya kufikiria kuivusha.

Ni msimu wa kusi na huna dhiki: futa chombo, legeza nyuzi kidogo, kifunike, subiri Oktoba.

Bendi imevunjika na vyombo ni vya wote: tafuteni kanisa au shule inunue seti kama ilivyo, hata kwa bei ya chini kidogo. Pesa ihesabiwe na kugawanywa siku hiyo hiyo, watu wote wakiwapo, na kila mmoja atie sahihi kwamba amepokea fungu lake.